Mafundi wa Mtwara, acheni kufunga keria juu ya breki!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kuna fundi hapa mjini, jina simtaji, alimfungia mdogo wangu keria kwenye baiskeli ya gia yenye breki za diski. Akapokea hela, akasema "tayari, kabebe mzigo". Dogo anapeleka unga kwenye maduka ya Mikindani. Kwenye mteremko akabana breki ya nyuma, baiskeli ikazidi kwenda. Akabana ya mbele kwa nguvu, akaishia mtaroni. Tunashukuru Mungu ni goti tu limechubuka na kiroba kimepasuka.

Nimeikagua mwenyewe. Kwenye baiskeli hii kalipa, yaani kile kifaa chenye pedi zinazobana diski, imekaa nje ya fremu, upande wa kushoto, palepale mguu wa keria unaposhukia. Fundi kaupinda mguu kwa nyundo, kaulaza juu ya kalipa, kafunga bolti. Ukivuta waya, kile kikono cha kalipa kinapanda kidogo tu kisha kinagonga bomba la keria. Mkononi unahisi breki ngumu, unadhani imekamata, kumbe pedi hazijaibana diski hata kidogo! Na ukijaribu bila mzigo inashika kiasi, kwa sababu bado kuna upenyo mdogo. Weka kiroba, keria inalala, upenyo unakwisha.

Nilipomfuata akanijibu eti dogo kazidisha mzigo. Keria imeandikwa kilo 25, na kiroba kilikuwa kimoja, cha kilo 25. Kazidisha nini?

Naelewa mafundi wengi wamekulia kwenye Phoenix. Zile za breki za vyuma, breki ya nyuma inakamata ringi kule chini karibu na pedeli, keria iko juu, wala havikutani. Lakini hizi za mtumba zimejaa mjini miaka mingi sasa. Fundi anayepokea hela ya kuzifunga azijue. Na wenye maduka nao wanakuuzia keria bila hata kuuliza baiskeli ina breki gani.

Dawa yake wala si ya gharama. Breki haisogezwi, unasogeza mguu wa keria. Kata kipande kifupi cha bomba la chuma au panga washa nene kati ya fremu na mguu, pande zote mbili ili keria isikae upande, kisha tia bolti ndefu ya chuma kigumu, ile ya spana namba 8. Bolti laini itapinda, maana sasa mzigo unaning'inia mbali na fremu. Upande wa mnyororo angalia ncha ya bolti isitokeze ndani, itakwangua mnyororo ukiwa kwenye gia ndogo. Halafu pakia mzigo, mtu anyanyue gurudumu la nyuma, wewe ubane breki huku unatazama kikono kinatembea mpaka mwisho wa safari yake au kinagonga kitu.

Wenye breki za V, zile za mikono miwili inayobana ringi kwa raba, nanyi msijione mko salama. Nimeona keria ambazo kile chuma cha mbele kimeukandamiza waya na kibomba chake kilichopinda. Breki hairudi, raba zinaisha upande mmoja, na ukipata pancha huwezi kuifungua breki utoe gurudumu mpaka ung'oe keria nzima, barabarani, na mzigo uko chini.

Fundi nimempa njia mbili: arudishe hela ya ufundi, au afunge upya mbele yangu. Amekataa zote. Kwa hiyo naomba mwenye kujua duka, Mtwara au Lindi, linalouza keria ambazo miguu yake imetanuliwa kupisha diski, aweke bei hapa. Na kama kuna fundi anayejaribu breki na mzigo ukiwa juu kabla hajapokea hela, nielekezeni kwake.