Mtoto wa miezi 14, vipele wiki ya tatu: ni joto, pumu ya ngozi au upele?

MamaNasri
Wakuu habarini za jioni. Nisaidieni kufikiri, mimi nimeishiwa. Kijana wangu ana miezi 14, tunaishi Mbagala. Wiki ya tatu hii ana vipele. Vilianza kuzunguka kitovu na kwenye makwapa, sasa vimeshuka mapajani mpaka nyayoni. Mchana anacheza, anakula, homa hana. Ikifika saa nne usiku ndiyo shughuli inaanza: anajikuna, analia, anasugua miguu kwenye shuka kama anayewasha kiberiti.

Nimebadilisha sabuni. Nimemwachisha mayai. Duka la dawa walinipa tyubu ya krimu ya mchanganyiko, muuzaji akasema inamaliza fangasi, bakteria na muwasho vyote kwa pamoja. Siku tatu za mwanzo vikafifia, nikashukuru Mungu. Nilipoacha vikarudi na ndugu zao. Mama mkwe anasema ni joto. Jirani anasema pumu ya ngozi. Mume wangu anasema dada wa kazi kaleta upele, ule ugonjwa wa kuambukizana. Mnavyoona, nani yuko sahihi?

BabaMapacha
Pole sana mama. Mimi naungana na mama mkwe. Mwezi huu wa pili Dar hata sisi watu wazima tunatoka harara. Mapacha wangu kila msimu wa kaskazi ni hivyo hivyo. Mwogeshe maji ya kawaida mara mbili tatu kwa siku, mvalishe nguo nyepesi ya pamba, na achana na mafuta mazito kipindi hiki.

Mtoto_wa_Likoni
Harara naijua, Mombasa ndiyo kwao. Ila harara hukaa shingoni, kifuani, mgongoni na pale nguo inapobana. Vitone vyake ni vidogo kama chembe za chumvi, na mtoto akipoa, siku mbili tatu vishaanza kukauka. Hii ya kushuka mpaka nyayoni kwa wiki tatu, hapana. Halafu kama ni joto, mbona saa nane mchana anacheza na saa nne usiku ndiyo analia?

Ngozi_Kavu
Mimi nina pumu ya ngozi tangu utotoni (wengine wanaita ukurutu), kwa hiyo naomba niitetee kidogo. Kwa mtoto wa umri huo hupenda kuanzia mashavuni na usoni, baadaye ndiyo huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ngozi inakuwa kavu, inakwaruza kama msasa. Huja na kuondoka. Kwenu kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio? Na mnaoga maji gani? Haya ya visima vya Dar yenye chumvi yanakausha ngozi, mimi nikioga nayo bila kupaka mafuta ya mgando papo hapo mwili ungali na majimaji, usiku silali.

Jambo moja: ukitafuta picha mtandaoni usizifuate kichwa kichwa. Nyingi ni za ngozi nyeupe, kila kitu kinaonekana chekundu. Kwetu wekundu hauonekani kirahisi. Utaona kijivu, au weusi uliozidi, au vijipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo. Mama yangu alikaa miaka akidhani mimi ni mchafu tu wa viwiko.

MamaNasri
@Ngozi_Kavu usoni hana kitu, mashavu laini kabisa. Ukoo wa pumu hatuna, labda upande wa baba ambao hawasemi. Maji ni ya kisima kweli.

Bi_Mkubwa_Tanga
Mwanangu, chemsha majani ya mwarobaini, yapoe, mwogeshe jioni. Sisi tumelea hivyo.

Sista_Zahanati
Shikamoo Bi Mkubwa. Kuoga sina ugomvi nako mradi ngozi haijachubuka, ila nawaomba wanaosoma wasimnyweshe mtoto mwarobaini wala mafuta yake. Kwa watoto wadogo ni sumu, imeshaleta degedege.

Sasa mama Nasri. Mimi ni nesi, sijamwona mtoto, kwa hiyo chukua haya kama mambo ya kuangalia kabla ya kwenda kliniki.

Mayai mrudishie. Mzio wa chakula hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula. Ngozi inavimba mabaka kama ya kuumwa na siafu, na kwa kawaida ndani ya siku moja yameshapotea. Haukai wiki tatu mahali pamoja. Unamnyima mtoto chakula bure.

Kung'atwa na wadudu, tuseme kunguni au viroboto, vipele hukaa sehemu zilizo wazi, mikononi na miguuni, mara nyingi vitatu vitatu kwa mstari. Wako vimeanzia kitovuni na makwapani, ndani ya nguo.

Krimu ya mchanganyiko iache. Nyingi zina steroidi kali ndani. Inazima muwasho, ngozi inapendeza siku chache, huku ugonjwa unaendelea chini kwa chini na kubadilika sura hadi hata daktari akiuona anachanganyikiwa. Ukienda hospitali nenda na hiyo tyubu mkononi.

Halafu swali langu kubwa, ambalo naona hujaligusa: nani mwingine hapo nyumbani anajikuna? Usiulize tu, maana watu wanaona aibu. Washa taa, angalia katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, kuzunguka chuchu. Kwa mtoto geuza nyayo na viganja. Unatafuta kijimstari kifupi, chembamba, cha kijivu, kama uzi uliokatwa, mwishoni kuna kitone.

MamaNasri
Sista, nimekaa kitako. Nimetumia tochi ya simu. Kwenye unyayo wa kushoto kuna viwili vina maji kama usaha, na pembeni ya kisigino kijimstari kile kile ulichosema. Mimi mwenyewe kifundo cha mkono kinaniwasha, nilidhani ni bangili. Mume wangu kiunoni ana vipele mduara mzima, eti alikuwa anaulaumu mkanda mpya.

Na dada wa kazi? Nimemwomba anionyeshe mikono. Hana hata kimoja. Anatuangalia tu.

Chizi_Maarifa
Mungu humpa upele asiye na kucha. Shemeji kucha anazo ila alikuwa anaukuna mkanda 😂

Mtoto_wa_Likoni
Mlilala wapi mwishoni mwa mwaka?

MamaNasri
Tulikuwa Korogwe kwenye harusi ya shemeji, wiki ya mwisho ya Desemba. Watoto sita godoro moja. Sasa mbona ni zamani hivyo?

Sista_Zahanati
Ndiyo hesabu yenyewe. Anayepata upele mara ya kwanza hukaa wiki nne hadi sita bila dalili, mwili bado haujamjua yule mdudu wa upele anayechimba ngozini. Hesabu kuanzia harusi utaangukia mwanzoni mwa mwezi huu. Na usiku ndiyo unawasha zaidi, kama ulivyoona. Uchafu hauhusiani, ni kugusana ngozi kwa ngozi kwa muda mrefu, kama kulala pamoja au kubebana. Hata hivyo kaonwe, kwa sababu ya umri wake na hivyo vyenye usaha.

BabaMapacha
Haya, harara naiondoa mezani. Sasa dawa. Sisi tulipewa BBE (dawa ya kupaka ya benzyl benzoate), ile kama maziwa. Ni bei poa na iko karibu kila duka. Wengine wanasifia krimu ya pemethrini. Jamaa mmoja alimeza vidonge vya aivamektini akapona. Ipi bora?

Sista_Zahanati
Kwa huyu wa miezi 14, pemethrini ya asilimia 5. Inaruhusiwa kuanzia miezi miwili, kwa kawaida haichomi sana, unapaka jioni inakaa kwa muda wa saa 8 hadi 12 kisha anaoga. BBE inafanya kazi pia, ila inachoma. Ile ya watu wazima ya asilimia 25 usimpake mtoto hivyo hivyo, lazima izimuliwe, na kipimo akupe mtaalamu, si muuzaji. Aivamektini sahau kwa mtoto aliye chini ya kilo 15, na mama mjamzito vilevile.

Watu wengi hukosea kwenye kupaka. Msipake vipele tu, pakeni mwili mzima, katikati ya vidole, chini ya kucha, nyayo, kitovu. Mtoto wa chini ya miaka miwili na kichwani pia, ukikwepa macho na mdomo. Akinyonya vidole mvalishe soksi mikononi. Nyumba nzima inapaka usiku mmoja, na dada pia, japo hana kipele. Mnarudia baada ya wiki moja hadi mbili. Shuka na nguo za siku hizo fueni kwa maji ya moto na zikauke juani. Visivyofulika fungeni kwenye mfuko wa plastiki wiki moja, mdudu akikosa mwili wa mtu hamalizi siku nyingi.

Akipata homa, vidonda vikitoa maji ya rangi ya asali, uso ukivimba au mkojo ukawa kama chai ya rangi, msisubiri asubuhi. Upele ukiingiliwa na bakteria unaweza kufika kwenye figo.

Ngozi_Kavu
Kuhusu wapi pa kwenda, si lazima uanzie kwa bingwa. Ulizia hospitali ya wilaya kama wana mganga aliyesomea ngozi. Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya ngozi tangu 1992 na waliosoma pale wametawanyika mikoani.

MamaNasri
Mrejesho, siku ya 12. Tulienda, daktari akaangalia nyayo hata dakika mbili hazikufika, akasema upele. Tyubu aliisoma akatikisa kichwa. Tumepaka wote watano na juzi tumerudia. Vipya havitoki, ila usiku bado anajikuna kidogo. Imegoma?

Sista_Zahanati
Haijagoma. Wadudu wamekufa ila mabaki yao bado yamo kwenye ngozi. Muwasho huweza kuendelea wiki mbili hadi nne. Mpake mafuta ya mgando, usirudie dawa kila siku. Vikitoka vipya baada ya mwezi, rudini.

Ngozi_Kavu
Na baba Nasri kamwambiaje dada?

MamaNasri
Kaleta doti ya khanga, kaiweka mezani, kasema "hii yako", kaenda kulala. Ila nina mtihani mwingine. Kule Korogwe nawaambiaje bila kuonekana nawatukana? Nimempigia wifi nikaishia kuulizia mahindi.

Bi_Mkubwa_Tanga
Usianze na watoto wao. Anza na mumeo. Mwambie wifi, kaka yako alikuwa na upele akadhani mkanda. Akimaliza kucheka atawaangalia wanawe mwenyewe. Na umwambie kabla ya Idi, maana najua godoro ni lile lile.

MamaNasri
😂😂 Napiga sasa hivi.