Naomba ushauri: safari ya taratibu Muheza na Pangani

Mkazi wa Tabata: Salaam wanajukwaa. Mwezi Julai mimi na mke wangu tutakuwa likizoni, na tumeazimia kuipitia taratibu nchi ya michungwa na minazi ya mkoa wa Tanga, tukitembea kwa miguu mashambani na kuonja tembo la mnazi pale pale linapogemwa. Je, tulale Tanga mjini na kwenda huko kila asubuhi, au tukae huko huko? Na Amani, ile bustani ya mimea kwenye milima ya Usambara, tuitie katika safari hii?

Mwana wa Muheza: Karibuni sana, ndugu yangu. Julai masika yamekwisha na machungwa yamewiva. Tanga mjini msilale: basi la kutoka Mbezi, Dar es Salaam, hupita Muheza kwanza, basi shukeni hapo, mpange chumba, kisha mtafute mwenyeji wa kuwaingiza mashambani, kwa maana hayo ni mashamba ya watu na haipendezi mgeni kujipitia tu. Mkipewa chungwa lenye ganda la kijani msilikatae. Ganda hugeuka rangi kwa ubaridi wa usiku, na katika joto letu hubaki kijani ilhali tunda limeiva na limejaa maji.

Bibi wa Pangani: Wanangu, fuateni ushauri huo, na kwetu pia mlale. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Tembo lililoteremshwa sasa hivi ni tamu, lakini huanza kuchachuka lenyewe saa ile ile, jioni huwa limekuwa kali, na likilala huelekea kuwa siki. Anayetoka Tanga mjini na kufika kwetu mchana hawezi kuijua ladha ya alfajiri. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mgema picha akiwa juu.

Mpenda Usambara: Bustani ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, naipenda mno, lakini kuipanda milima ile na kurudi humaliza siku nzima. Kwa safari ya namna hii ningeiacha, niifanyie safari yake.

Mkazi wa Tabata: Ahsanteni, na shikamoo bibi. Amani tumeiacha. Kutoka Muheza kwenda Pangani ni lazima turudi Tanga?

Mwana wa Muheza: Hapana, ipo barabara inayopitia Boza. Ulizeni stendi jioni ya kuamkia safari, kwa sababu magari huondoka yakijaa.