Gredi 5 yenye watoto 70, kipindi cha dakika 35: kazi ya kikundi itawezekana?

mwanagenzi_254
Hamjambo walimu. Wiki ijayo naanza mazoezi ya ualimu katika shule ya umma, Embakasi. Nimepangiwa Kiswahili, Gredi 5, watoto 70, na somo la kwanza ni ngeli ya LI-YA (jembe limevunjika, majembe yamevunjika). Kwenye andalio la somo nimeweka vikundi vya wanane wanane, ila mwalimu mlezi anasema muda utaisha kabla ya tathmini. Nipange vipi?

Mlezi_Eastlands
Mlezi wako amesema kweli, mwalimu. Wanane wakizunguka dawati moja, wawili hufanya kazi na sita hupiga gumzo, na kusogeza madawati tu kunakula dakika tano. Tumia jozi, kila mtoto na jirani yake papo hapo alipoketi. Kata karatasi tatu za manila, kila moja vipande 16. Utapata kadi 48 kwa jozi 35. Kila kadi iwe na nomino moja: jembe, gari, dirisha, yai.

Dakika: 4 utangulizi, 8 maelezo ubaoni, 13 jozi, 7 zoezi la daftarini, 3 hitimisho. Toa maagizo kwanza, kadi baadaye. Kadi zikitangulia, hakuna atakayekusikiliza.

chaki_nyekundu
Angalia pia matokeo maalum kwenye andalio, yaani kile mwanafunzi ataweza kufanya baada ya somo. "Mwanafunzi aelewe ngeli ya LI-YA" hayapimiki. Andika: "Kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kutunga sentensi nne sahihi za LI-YA, mbili za umoja na mbili za wingi." Hapo zile dakika saba ndizo tathmini yako.

Kosa utakalolikuta ni "gari imeharibika". Ndivyo wanavyosikia mtaani na kwenye matatu, kwa hivyo usiwakaripie. Andika "imeharibika" na chini yake "limeharibika", upigie "li-" mstari kwa chaki nyekundu. Usiguse wingi kabla umoja haujakaa.

mwanagenzi_254
Asanteni sana. Na daftari 70 nitazisahihisha vipi ndani ya kipindi?

chaki_nyekundu
Usijaribu. Anzia safu ya nyuma, pitia kama 15, zilizobaki uzikusanye na uzirudishe kesho yake. Rekodi ya kazi, yaani kumbukumbu ya ulichofundisha, ijaze baada ya kipindi, kwa sababu mtathmini anaweza kuilinganisha na daftari za watoto. Na kwenye tafakari, pale unapoandika somo lilivyokwenda, "somo lilifaulu" hakumfaidi mtu. Andika waliokwama na walipokwamia: "Safu ya dirishani bado wanasema 'yai imevunjika'; kesho nianze na umoja."