Vitabu vya mashairi ya Kiyunani cha kale, ninunue vipya au mtumba? Shemeji anarudi tarehe 14

Mwl_Koine:
Wadau habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka. Shemeji yangu yuko Uingereza, anarudi tarehe 14, kasema ana nafasi kwenye begi nimtumie orodha ya vitabu. Nataka kuanza kusoma mashairi ya Kiyunani ya kale kwa lugha yenyewe. Nimeona kuna vile vidogo vya kijani vya Loeb, kuna vya bluu vya Oxford, kuna vya Cambridge vyenye maelezo mengi, na bei ya kipya na ya mtumba zinapishana mbali kweli. Nichukue vipi? Asanteni.

Mkoba_wa_Vitabu:
Mkuu umeuliza lakini hujasema kitu. Mshairi gani? Homer, Sappho, Pindar? Hao hawasomeki kwa kitabu kimoja, hata lahaja zao ni tofauti. Kiyunani chako kimefika wapi? Bajeti ngapi? Begi limebaki na kilo ngapi? Tujibu hayo kwanza.

OtisNai:
Na uko na laptopu ama tableti? Maana nusu ya hivyo vitu viko bure kwa mtandao, usimbebeshe shemeji wa watu mzigo bure.

DadaLeipzig:
Chochote utakachochukua, usichukue Loeb. Nitaeleza nikitoka kazini.

Mwl_Koine:
Samahanini nilikuwa darasani. Kiyunani nilisoma miaka mitatu chuo cha theolojia, Agano Jipya nasoma, Yohana na Marko bila kamusi, Luka na Waebrania kwa kuhangaika kidogo. Nataka Homer, ule utenzi wake wa Iliad. Nilijaribu kurasa za mwanzo kwenye simu nikakwama, maneno mengi hayamo kabisa kwenye kamusi yangu ya Agano Jipya.

Mkoba_wa_Vitabu:
Sasa tunaelewana. Kukwama ni kawaida, wewe una koine, yaani Kigiriki cha Agano Jipya, na Homer ni mkubwa kwake kwa karne saba nane. Utakuta -οιο pale ulipozoea -ου, utakuta ἔμμεναι badala ya εἶναι, vitenzi vya wakati uliopita vimeacha ile ε ya mwanzo. Ukishazoea kama wiki tatu hivi unaanza kuona njia.

Kwa hiyo mimi nasema Loeb. Iliad ni vitabu viwili, cha kwanza sehemu ya 1 hadi 12, cha pili 13 hadi 24, Kigiriki kushoto tafsiri kulia. Ni vidogo, vinaingia mfuko wa koti, karatasi nzuri. Nimepima changu sasa hivi kwenye mizani ya jikoni, kama gramu 400. Vipya hapa Uingereza kimoja ni pauni 20 na kitu, mtumba nimeshapata kwa 8. Ila ukinunua mtumba angalia mwaka! Tafsiri ya A. T. Murray ilitoka 1924 na 1925 kwa Kiingereza cha kizamani kile cha Biblia ya King James, halafu William Wyatt akaipitia upya ikatoka 1999. Odyssey, utenzi wake mwingine, ilipitiwa na Dimock ikatoka 1995. Wauzaji wengi wanaweka picha ya toleo jipya wanakutumia la zamani. Muulize muuzaji mwaka, akisema hajui achana naye.

DadaLeipzig:
Haya nimerudi. Mkoba namheshimu ila hapa anampoteza mwalimu. Mtu mwenye miaka mitatu ya Kigiriki ukimwekea tafsiri ukurasa wa kulia, jicho linahama lenyewe kabla hajahangaika na neno. Mimi nilisoma Loeb mwaka mzima nikadhani najua, siku nimepewa ukurasa mtupu kwenye mtihani nikakuta sijui. Nilianza upya na Oxford ya bluu, Homeri Opera ya Monro na Allen, juzuu ya I na II ndiyo Iliad. Dibaji yake ni Kilatini, chini ya kila ukurasa kuna orodha ya tofauti za miswada, basi, hamna tafsiri hamna msaada. Imechapwa tangu 1902 na kurudiwa miaka yote hiyo kwa hiyo mtumba umejaa, na zile kopi za zamani zimeshonwa kwa uzi, zinafunguka zinalala juu ya meza. Siku hizi vingi vinachapwa kimoja kimoja kwa oda, vimegandishwa kwa gundi, ukikilazimisha kifunguke mgongo unapasuka.

Pamoja nayo nunua kamusi ya Cunliffe ya 1924, ya Homer peke yake. Usiguse lile likubwa la Liddell na Scott, litammaliza shemeji kilo zote.

Mkoba_wa_Vitabu:
Dada yangu, wewe ulikuwa na mwalimu darasani. Huyu yuko peke yake. Akikwama saa nne usiku atamuuliza nani?

DadaLeipzig:
Basi achukue na shereha, kitabu cha kueleza shairi. Tafsiri haimfundishi mtu.

BabaNeema:
Ngojeni niwape yaliyonikuta maana naona hakuna anayeligusa hili. Mwaka juzi nilikuwa natafuta shereha ya Iliad ya Walter Leaf, juzuu mbili, toleo la pili la 1900 na 1902, ni ya zamani lakini inakwenda na wewe mstari kwa mstari. Kopi halisi za mtumba zilinishinda bei. Nikaona nyingine imeandikwa mpya, bei haifiki nusu, nikasema Mungu kanikumbuka, nikalipa kwa kadi ya binti yangu, nikasubiri wiki saba, nikaenda posta mara tatu ndipo nikakabidhiwa. Kufungua bahasha, jalada lina picha ya mlima wenye theluji ambao hauhusiani na chochote, ndani ukurasa wa jina la mchapishaji haupo. Nikafungua ule mstari wa kwanza kabisa, Μῆνιν ἄειδε θεά. Wadau, kwenye kitabu changu umeandikwa «Mrjviv deiSe Oed». Mashine imesoma herufi za Kigiriki kana kwamba ni za Kiingereza, ikachapa ilichokiona, na hakuna binadamu aliyepitisha jicho. Nikafunua ukurasa wa pili, wa kumi, wa mia mbili, wote hivyo hivyo. Tanbihi zimepanda zimeingia katikati ya shairi, namba za mistari zimekuwa sehemu ya sentensi. Neno la Kigiriki hata moja zima halimo, na kitabu kizima kazi yake ni kueleza maneno ya Kigiriki!

Nikamwandikia muuzaji, akanijibu kwamba tangazo lilisema kitabu kinaweza kuwa na dosari ndogo ndogo kwa sababu ya uzee wake. Nikirudisha, nauli ya posta inazidi hela niliyolipa. Kipo hapa kabatini, siwezi hata kumgawia mwanafunzi.

Kwa hiyo mwalimu, kama mwandishi kafa miaka mia iliyopita na kitabu kinauzwa kipya kwa bei ya kutupa, dai picha ya ukurasa wa ndani wenye Kigiriki kabla hujatoa senti. Kuna wanaorudia kwa kupiga picha ukurasa wenyewe, kama ule mfululizo wa Cambridge Library Collection, hao sawa. Wengine wote kaa nao mbali.

Kaskazi77:
Pole sana baba. Huo ni wizi hauna jina jingine.

OtisNai:
Pole Baba Neema. Lakini sasa si unaona? Leaf halisi iko kwa Internet Archive, imepigwa picha vizuri, unasoma bure. Loeb za zamani zilizoisha hakimiliki pia ziko. Kwa tovuti ya Perseus ya chuo cha Tufts unabonyeza neno linakupa maana na umbo lake. Na kuna mwalimu anaitwa Geoffrey Steadman ametoa Iliad 6 na 22 PDF ya bure, nusu ya ukurasa shairi, nusu msamiati na sarufi. Mwalimu aanze na hiyo, aprinti kwa duka la karibu, ashone kwa waya, imeisha.

BabaNeema:
Otis mwanangu, nashukuru, Steadman sikumjua. Ila kwa simu siwezi. Nikisoma shairi kwa simu naona mistari kumi, nikirudi kutafuta kilichotangulia nimeshapotea. Kitabu mkono wenyewe unakumbuka ilikuwa ukurasa wa kushoto, chini.

Kaskazi77:
Mimi sina Kigiriki, nimeingia kwa sababu nimeona neno mizani. Huyu Homer mizani yake ikoje? Utenzi wetu kila kipande mizani 8, vipande vitatu vina kina kimoja na cha nne kinashika bahari ya utenzi mzima. Yeye vina vyake viko wapi?

DadaLeipzig:
Kaka hana vina kabisa! Hesabu yake si idadi ya silabi, ni urefu wake. Mstari una hatua sita, tano za kwanza kila moja ni silabi moja ndefu na mbili fupi, au ndefu mbili, na ya mwisho ni silabi mbili tu. Ule wa kwanza:

μῆνιν ἄ | ειδε θε | ὰ Πη | ληϊά | δεω Ἀχι | λῆος

Silabi 16 hapo (δεω inatamkwa kama moja). Mwingine unaweza kuwa na 14, mwingine 17, na bado ukiuimba unalingana. Soma kwa sauti huku unagonga meza, hapo ndipo utausikia.

Kaskazi77:
Subhanallah. Yaani sawa na ngoma, mapigo hayabadiliki ila mkono unayajaza tofauti. Na je alitunga kwa kuandika au kwa mdomo? Maana kwetu kuna watu walikuwa wanazo tungo nzima kifuani.

Mkoba_wa_Vitabu:
Hilo swali limeandikiwa maktaba nzima kaka. Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia mwaka 1933 hadi 1935 kurekodi waimbaji waliokuwa wanatunga papo kwa papo, mmoja wao, Avdo Međedović, aliimba utenzi wa mistari zaidi ya 12,000. Iliad ina 15,693. Mwanafunzi wake Albert Lord akaandika kitabu juu ya hayo mwaka 1960, na mtumba wake ni rahisi kupata. Ndio maana Homer anarudia rudia, Akilesi mwepesi wa miguu, alfajiri yenye vidole vya waridi. Ni vipande vilivyokwisha pimwa mizani tayari, mwimbaji anavichomeka.

Kaskazi77:
Kwa hiyo anayesoma kimya kimya kwenye kitabu cha bluu anakosa nusu.

Zuhura_M:
Naona hamjamgusa Sappho, na kwenye mtumba ndiko anakoumiza watu. Mwalimu, siku ukimtaka, usidanganyike na Lyra Graeca ya Edmonds, Loeb ya miaka ya 1922 hadi 1927. Ni ya bei rahisi na inavutia kwa sababu mashairi yanaonekana mazima. Hayakuwa mazima! Mafunjo, zile karatasi za kale za matete, yaliyofukuliwa Oxyrhynchus huko Misri yamechanika, mstari unabaki na maneno mawili, na Edmonds alijaza mapengo kwa Kigiriki chake mwenyewe. Nilikariri shairi zima kumbe nusu yake si la Sappho, nililia. Chukua ya David Campbell ya 1982, pengo ameliacha pengo. Ila nayo haina yale ya mafunjo ya Cologne yaliyotangazwa 2004, shairi la uzee, magoti yasiyobeba tena mwili. Kwa hiyo kwa Sappho mtumba wowote wa kabla ya 2004 ujue umepungukiwa.

OtisNai:
Na yale ya 2014, shairi la ndugu zake?

Zuhura_M:
Mafunjo yake yalitoka wapi haijaeleweka hadi leo, maelezo ya mwanzo yameonekana hayasimami, na sura iliyoyaeleza kwenye kitabu cha Brill mchapishaji aliifuta mwaka 2021. Mimi pesa yangu siitoi huko.

OtisNai:
Lakini shairi ni shairi, maneno ni yake hata kama karatasi iliibwa. Ukikataa kuyasoma nani anafaidika?

Zuhura_M:
Sijasema usisome, nimesema sinunui. Mafunjo ni mali ya Misri, kila anayenunua kimya kimya anampa mwingine sababu ya kuchimba usiku.

Mkoba_wa_Vitabu:
Turudi kwa mwalimu jamani. Mkuu bado hujasema bajeti.

Mwl_Koine:
Nipo nasoma yote, nimeandika kwenye daftari. Bajeti pauni 60, kilo mbili mwisho. Sasa kuna jambo limetokea. Shemeji yuko dukani sasa hivi, lile la vitabu vya kuchangia hisani, kanitumia picha. Kuna Loeb ya kijani moja tu, Iliad 13 hadi 24, pauni 5, mwaka ndani umeandikwa 1999. Cha kwanza hakipo. Kuna na kile cha Cambridge cha Colin Macleod, Iliad 24 peke yake, 1982, pauni 9, mtu kaandika kwa penseli pembeni. Duka linafungwa saa kumi na moja. Nichukue nusu ya Iliad?

Mkoba_wa_Vitabu:
Chukua vyote viwili! Macleod kwa pauni 9 usifikirie.

DadaLeipzig:
Macleod ndiyo, Loeb hapana. Hela ya Loeb weka kwenye Cunliffe. Penseli inafutika, na mara nyingine aliyeandika alikuwa anajua.

BabaNeema:
Mwanzo ni mwanzo. Utaanzaje hadithi mwishoni?

Mkoba_wa_Vitabu:
Baba, sehemu ya 24 inasimama yenyewe. Hector keshauawa na Akilesi, baba yake Priam anakwenda usiku kwenye hema la Akilesi kuomba maiti ya mwanawe. Mwalimu, mwambie shemeji kabla hajalipa afungue Macleod mstari wa 506 aone kurasa zipo, vitabu vya darasani ndipo vinapochanika.

Mwl_Koine:
Kapiga picha. Kurasa zipo. ἀνδρὸς παιδοφόνοιο ποτὶ στόμα χεῖρ᾽ ὀρέγεσθαι. Hiyo -οιο nimeiona! Ni la mtu muuaji wa mwana, mkono, mdomo... kaupeleka mdomoni kwake?

DadaLeipzig:
Ndiyo. Anaubusu mkono uliomuua mtoto wake. Umeusoma mwenyewe, bila ukurasa wa kulia.

Kaskazi77:
Na yule mzee alipewa maiti ya mwanawe?