Kijana akiuliza mshahara kwenye usaili mnanuna. Mnaficha nini?

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wale wa kusahihisha lugha subirini kwanza nimalize.

Mimi si kijana. Nimezaliwa 1982, nimeanza kuajiriwa 2006, na sasa nasimamia kitengo cha watu kumi na wawili. Nusu yao wamezaliwa 1997 kuja juu, hao mnaowaita Gen Z, kizazi cha dotikomu, watoto wa simu, majina mnayo mengi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia "dogo tulia, maisha utayajua". Maisha nayajua. Ndiyo maana nimekasirika.

Wiki mbili zilizopita tulikaa kufanya usaili. Mezani tulikuwa watatu: mimi, afisa utumishi, na mkuu wetu wa idara ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti. Kijana wa mwisho akaingia. Maswali ya kazi akayajibu vizuri. Zoezi la vitendo la dakika arobaini akalimaliza kwa ishirini na tano, halafu akatuonyesha kwa adabu kwamba jedwali tulilompa sisi wenyewe lilikuwa na kosa, safu moja jumla yake haikuwa sawa. Jedwali hilo tumelitumia kusaili watu tangu asubuhi na hakuna aliyeliona, sisi tukiwemo. Tukafika swali la mwisho, lile ambalo kila msailiwa anajua jibu lake ni "hapana, asanteni". Una swali lolote kwetu?

Akatoa kidaftari mfukoni.

Swali la kwanza: tangazo limeandika "mshahara mnono kulingana na uzoefu", je, kwa uzoefu mliouona kwenye wasifu wangu, ni kiasi gani? La pili: saa za kazi zilizoandikwa ndizo zinazofanywa, au kuna nyingine? La tatu, na hapo ndipo mwenyekiti alipofunika kalamu yake: aliyekuwa kwenye nafasi hii ameenda wapi?

Ikawa kimya mpaka tukasikia kiyoyozi.

Afisa utumishi akasema mambo ya maslahi yatazungumzwa hatua zinazofuata. Mwenyekiti akasema asante, utapigiwa simu. Mlango haujajifunga sawasawa, mwenyekiti akatugeukia: "Huyu kaja kuomba kazi au kaja kutusaili?" Kwenye fomu yetu kuna kipengele kinaitwa "mtazamo", kina alama tano. Mwenyekiti akampa sifuri. Afisa utumishi akampa moja. Mimi, na hili naliandika kwa aibu, nilimpa tatu nikanyamaza. Kazi akapewa mwenzake ambaye hakuwa na swali.

Mnataka jibu la lile swali la tatu? Aliyekuwepo alidumu miezi saba. Aliyemtangulia, mitano. Barua zao za kuacha kazi zilipita mezani kwangu, na zote mbili zimeandika "sababu binafsi", utadhani walinakiliana. Hiyo sababu binafsi ina chumba chake mwisho wa korido, na siku ile ndiyo iliyokuwa mwenyekiti wa usaili.

Sasa niwaulize nyie mnaoshinda humu mkilia kwamba vijana wa sasa wanadai makubwa. Makubwa yapi? Kujua utalipwa kiasi gani kabla ya kukubali kazi ni kubwa? Hata muuza mitumba anakutajia bei kabla hujavaa. Jimbo la Colorado kule Marekani limewalazimisha waajiri kuandika kiwango cha mshahara kwenye tangazo tangu 2021. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha agizo 2023: mwombaji aambiwe mshahara au kiwango chake mapema, na mwajiri asimuulize alikokuwa analipwa ngapi. Waliokaa kuyatunga hayo ni watu wazima wenye mvi, si watoto wa TikTok. Ila kijana akiuliza mezani kwetu, ni mjuaji, ana kiburi, hajalelewa.

Kuna hili la usiku. Tuna kundi la WhatsApp la idara, na bila shaka na nyie mnalo. Mkuu wetu ana tabia ya kuamka kimawazo ikifika saa nne usiku. "Nani ana ile ripoti?" Basi utaona simu zinavyowaka: "Sawa bosi." "Naifanyia kazi bosi." "Tuko pamoja bosi." Hakuna anayeifanyia kazi, watu wako kitandani, wanachokifanya ni kuonekana. Mwezi uliopita binti mmoja wa kitengo changu hakujibu. Kesho yake saa mbili na dakika tano asubuhi akaandika: "Habari za asubuhi. Ujumbe nimeuona sasa. Ripoti iko kwenye folda ya pamoja tangu jana saa kumi jioni."

Soma tena hapo. Kazi ilikuwa imeisha saa sita kabla haijaulizwa. Aliitwa ofisini kwa utovu wa nidhamu, na mimi kama msimamizi wake nikaagizwa "nimweke sawa". Nimweke sawa vipi? Nimwambie mwanangu, ripoti umemaliza mapema mno, siku nyingine iache mpaka usiku ili bosi apate raha ya kuiuliza?

Mnasema wamedekezwa. Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zikae na wafanyakazi wake wakubaliane kuhusu haki ya kutoshika simu ya kazi baada ya muda wa kazi. Ureno mwaka 2021 wakaenda mbali zaidi, wakamzuia mwajiri mwenyewe kumsumbua mtu nje ya saa zake isipokuwa kwa dharura kubwa. Australia wakafuata Agosti 2024: mfanyakazi anaruhusiwa kutojibu, labda tu kama kukataa kwake hakuna sababu ya maana. Bado mtasema hizo ni nchi za watu waliodekezwa. Haya, twende nyuma. Wafanyakazi wa Chicago waliogoma Mei 1886 wakidai saa nane za kazi kwa siku walikuwa wamedekezwa na nani? Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1919, ulihusu nini? Saa za kazi: nane kwa siku, 48 kwa wiki. Jambo la kwanza kabisa waliloona linastahili kuandikwa. Zaidi ya miaka mia imepita, kijana anafunga kompyuta saa kumi na moja jioni kama mkataba wake unavyosema, tunaangaliana kama kaiba.

Na mimi nilikuwa bingwa wa kubaki. Miaka kumi na zaidi nilikuwa naondoka baada ya bosi. Kulikuwa na ujanja wake: koti unaliacha kwenye kiti na taa inawaka, hata ukiwa umeshuka chini unazungumza na walinzi. Nusu ya saa zile sikuwa nafanya chochote, nasema kweli tupu. Nilichovuna ni presha. Nameza dawa kila asubuhi, na daktari aliponiuliza nafanya kazi saa ngapi kwa wiki nilidanganya hata yeye. Shirika la Afya Duniani pamoja na hao wa kazi walitoa makadirio yao 2021: mwaka 2016 pekee watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Nilipoisoma hiyo namba nilikuwa ofisini. Saa mbili usiku.

Cheo nilikipata, ndiyo, baada ya miaka tisa. Kikatanguliwa na mtu aliyekuja juzi, nikaambiwa nivumilie, "zamu yako inakuja". Kwa hiyo nikimwona kijana wa miaka ishirini na minne anauliza "ili nipande daraja natakiwa kufanya nini, na nani anaamua?", kinachoniuma si ufedhuli wake. Kinachoniuma ni kwamba mimi sikuwahi kuuliza, na mpaka leo sijui nani aliamua.

Nimesahau suala la tathmini, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hawa watoto wanataka kuambiwa wanaendeleaje, tena mara kwa mara. Wenzangu mnaliita hilo kutaka kupakwa mafuta kila siku. Mimi mwaka fulani nililetewa fomu ya tathmini mwezi Desemba, nikakuta nimekatwa alama kwa kosa nililolifanya Machi. Machi! Miezi tisa nilikuwa nalirudia kosa lile lile kila mwisho wa mwezi kwa sababu aliyeliona alikuwa analitunza kwa ajili ya fomu. Hakuna aliyefaidika na siri ile, si mimi, si kazi. Tangu niwe msimamizi naongea na kila mmoja dakika kumi na tano kila baada ya wiki mbili. Mkuu wangu anaita "vikao vya kubembelezana". Makosa kwenye kitengo yamepungua, lakini hilo halina kipengele kwenye fomu yangu.

Sasa msije mkasema natetea tu. Wapo wanaonitia wazimu. Kuna mmoja aliajiriwa Jumatatu, Jumatano akazima simu, hatujamwona tena mpaka leo, hata kitambulisho hakurudisha. Mwingine ana miezi minne kazini anataka awe kiongozi wa timu, na barua pepe zake anaziandika kama anachati na mshikaji. Hao nawasema, na nawasema usoni, si kwa kununa. Lakini wavivu nilianza kuwaona 2006, na wakati huo walikuwa rika langu, na wengine ni mameneja leo.

Ila kinachonichosha zaidi ni usahaulifu wetu. Mwaka 2013 jarida la Time la Marekani lilituweka sisi tuliozaliwa miaka ya themanini na tisini kwenye jalada, likatuita kizazi cha mimi, mimi, mimi. Wavivu, tunajipenda, bado tunaishi kwa wazazi. Nakumbuka bosi wangu wa wakati huo alileta habari ile kikaoni, akacheka peke yake. Mliokuwa mmekaa na mimi upande ule wa meza, mkiumia kimya kimya, ndio leo mnatuma vichekesho vya Gen Z kwenye kundi la mameneja.

Na ule wimbo wa "hapa sisi ni familia" uacheni. Mama mdogo hajawahi kuniandikia barua ya onyo.

Kilichonifanya nifungue uzi huu leo ni hiki. Yule tuliyempa kazi, asiyekuwa na swali, ameaga jana. Siku nane tu. "Sababu binafsi." Nafasi inatangazwa tena, usaili ni Alhamisi ijayo, na jina langu limo kwenye jopo. Dakika ishirini zilizopita, saa nne na nusu usiku huu, mwenyekiti ameandika kwenye kundi kwamba safari hii tuondoe lile swali la mwisho, la kuwauliza kama wana swali, "kwa sababu linapoteza muda". Watu saba wameshajibu sawa bosi.

Mimi ameniita kwa jina, anasubiri. Tiki zimeshakuwa za bluu.