Naomba ushauri: kitenzi "run" kinanikimbiza

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa. Nipo Mwanza, natembeza wageni kwa boti kwenda kisiwa cha Saanane. Kiingereza cha kuombea maji ninacho, ila "run" imenishinda.

Juzi mgeni kaniambia "We've run out of water." Nikageuka kutazama nani kakimbia kutoka majini, na boti nzima ikageuka nami. Kumbe maji ya kunywa yamewaishia! Baadaye akauliza "Who runs this boat?", yaani nani msimamizi. Tunafika kisiwani, anafuta makamasi: "My nose is running." Pua nayo inakimbia jamani.

Kamusi nimefungua, inaanza na "kimbia" halafu msururu. Nimesoma kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walihesabu maana zaidi ya 600. Daftari langu lina 19, nalo limeshalowa. Najua hata sisi tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga picha, na hakuna anayeumia. Lakini "piga" nimekua nayo.

Maswali yangu ni haya. Je, ipo maana moja ya msingi? Mimi nahisi ni "kwenda mfululizo", maana injini, mto na pua vyote vinaingia humo. Pili, hizi zenye mkia, "run out", "run into", "run over": nizikariri kila moja kama neno jipya, au mkia wenyewe una kanuni?

Jumamosi nina kundi lingine.