Miaka mitatu nalipia hostingi, kumbe geti la domeini yangu liko wazi!

Wakuu, leo nitasema yote.

Nina ofisi ndogo ya utalii hapa Arusha, domeini ya .co.tz. Jumatatu moja asubuhi nafungua barua pepe nakuta 1,140, karibu zote za "Mailer-Daemon", zikiniambia ujumbe wangu haukufika kwa watu nisiowajua. Ujumbe gani? Dawa za nguvu za kiume! Kuna Mjerumani kanijibu kwa hasira, ikabidi nitafute tafsiri ili nijue natukanwa nini.

Nikawapigia wauza hostingi, wanaonitunzia tovuti na barua pepe. "Mpendwa mteja, akaunti yako imedukuliwa, badilisha nywila." Nikabadilisha. Kesho yake 900 nyingine. "Badilisha nywila." Nimebadilisha mara nne, ya sasa hata mwenyewe siikumbuki. Nikawatumia heda nzima (maelezo ya njia barua iliyopita) ya barua mojawapo, mstari wa Received unaonyesha wazi kuwa imetoka kwenye seva ambayo si yangu wala si yao. Mnajua walijibu nini.

Aliyenitoa gizani ni mpwa wangu. Kaisoma heda kwenye simu, kacheka. "Mjomba, hawa hawajaingia kwako. Wameandika jina lako tu."

Kumbe SMTP, utaratibu wa kutumia barua pepe wa tangu 1982, haimuulizi mtumaji kitambulisho. Ni kama bahasha: nyuma andika jina la yeyote, tia posta, ikikwama inarudishwa kwa huyo uliyemwandika. Huyo ndiye mimi.

Dawa ipo na ni bure. SPF inataja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako, DKIM inatia sahihi, DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa ukaguzi. DMARC imetangazwa tangu 2012! Dogo akafungua DNS yangu, yaani rekodi za domeini ambako haya huandikwa: SPF waliyoniwekea wao inaishia na "?all". Yaani umeajiri mlinzi, umempa orodha ya wageni, halafu asiye kwenye orodha anaambiwa "mimi sijui, wewe tu". DKIM imezimwa. DMARC haipo kabisa.

Kuandika rekodi zote hakukuzidi robo saa. Hakukurupukia p=reject (barua isiyopita ikataliwe), maana fomu ya tovuti yetu hutuma kupitia kampuni nyingine na ingezuiwa nayo. Kaanza na p=none (tazama tu, usizuie), kasoma ripoti za wapokeaji wiki mbili, kaongeza hiyo kampuni kwenye SPF na kuiwashia DKIM, akapanda quarantine (iende spamu), sasa reject. Zinazorudi ni tano sita kwa siku, nadhani kutoka seva zisizojali DMARC.

Ila hasara nimeshaila. Wageni sita wa Kilimanjaro, njia ya Machame, proforma yangu iliangukia kwenye spamu yao. Walipoiona walikuwa wameshalipa kwingine. Wapagazi niliokuwa nimewaahidi kazi nimewaambia nini? Nywila?

Na msinishauri niwavumilie. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuwadai watumaji wa barua nyingi wawe na DMARC. Mtu anayeuza barua pepe kama biashara hakuisikia hiyo?

Jana wamenitumia ankara ya kuhuisha. Nimeikuta kwenye spamu. Nahama, anayemjua muuza hostingi anayesoma heda kabla ya kujibu, aniandikie.